Taa ya Kijani Inajua Nini?

(Hotuba kwa mafundi vijana waliomaliza mafunzo ya elektroniki, Mwanza)

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliotoka mbali kuja kuwaona watoto wenu, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wahitimu, mambo?

(Wahitimu: Poa!)

Barua ya mwaliko imeniomba nizungumzie fursa za vijana. Nimeisoma mara mbili, nikaikunja, nikaiweka mfukoni. Fursa mtahubiriwa na wengine, na wana sauti nzuri kuliko mimi. Mimi ni fundi wa betri. Ninachokijua ni betri, kwa hiyo mnivumilie.

Nimekuja na hiki kidude. Walio nyuma hawakioni, nalijua hilo, kina ukubwa wa stempu ya barua. Bei yake inakaribia sahani moja ya chipsi mayai. Ninyi wahitimu mnakifahamu, kila mmoja wenu amekwisha kukichomea waya: ni chaja ya TP4056. Upande mmoja unaingiza volti 5 za USB, upande wa pili unafunga seli ya lithiamu. Kuna taa mbili. Ikiwaka nyekundu, inachaji. Ikiwaka bluu, au kijani kwenye zile nyingine, mteja anafurahi, anakulipa, anaondoka.

Leo nataka tuulizane swali moja tu. Hiyo taa ya kijani inajua nini?

Tuanzie ndani ya seli, kwa ajili ya wazazi ambao hawakusoma haya. Seli ya lithiamu ina pande mbili, na ioni za lithiamu zinahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukiichaji, zinahamia upande wa grafati, madini yaleyale ya kwenye ncha ya penseli. Ukiitumia, zinarudi. Sasa fikirieni daladala tupu pale stendi. Abiria wa kwanza wanaingia mbio, viti viko wazi, konda hana kazi. Gari likikaribia kujaa, kila abiria anayeingia inabidi atafutiwe nafasi, huyu asogee, yule abebe mtoto. Hapo konda mwenye akili anapunguza kasi. Konda asiye na akili anaendelea kusukuma, na watu wanarundikana mlangoni.

Ndivyo seli inavyochajiwa. Mwanzoni unaipa mkondo wa umeme usiobadilika, tuseme ampea 1, na volti yake inapanda yenyewe. Ikifika volti 4.2, unaishikilia hapo, hupandishi tena, na mkondo unaanza kupungua wenyewe kadiri viti vinavyokwisha. Ukisukuma kwa nguvu kupita hapo, lithiamu inarundikana mlangoni kwelikweli: inaganda juu ya grafati kama metali badala ya kuingia ndani. Hiyo lithiamu iliyoganda haifanyi kazi tena, na inaweza kuota vijiti vinavyotoboa utando unaotenganisha pande mbili. Likitokea hilo, seli inapiga shoti yenyewe ndani kwa ndani, na moto wake haungoji zimamoto.

Baridi nayo inaleta balaa hilohilo. Chini ya nyuzi 0 ioni zinakuwa nzito kuingia vitini, kwa hiyo seli ya kawaida haichajiwi kwenye barafu. Lakini hapa Mwanza nani ana barafu? Anayepeleka watalii kileleni Kibo ndiye alikumbuke hilo. Sisi adui yetu ni bati. Seli nyingi hazitaki kuchajiwa zikipita nyuzi 45, na kibanda cha bati saa nane mchana kinafika huko bila kuhangaika.

Turudi kwenye stempu yetu. Hiyo chipu inafanya kazi ya konda, na inaifanya vizuri kuliko wengi wanavyoisifu. Ikikuta seli iko chini ya volti 2.9, haiivamii, inaipa sehemu moja ya kumi ya mkondo mpaka izinduke. Baadaye inatoa mkondo kamili. Ikifika volti 4.2 inashikilia. Mkondo ukishuka hadi sehemu moja ya kumi ya ule uliopangwa, inakata, inawasha kijani. Basi. Hilo ndilo jibu la swali langu, na mnaweza kwenda kula.

(Kicheko)

Nasema kweli, ndilo jibu. Taa ya kijani inajua jambo moja: mkondo umepungua. Haijui seli imebeba kiasi gani. Chukueni seli mbili za 18650, zile za mviringo kama betri ya tochi, moja mpya yenye uwezo wa milliampea-saa 3000, nyingine imezeeka ndani ya kompyuta ya mtu miaka saba na imebakiwa na 300. Zifungeni kwenye chaja mbili zinazofanana. Ipi itawahi kuwaka kijani? Ile mbovu. Daladala lenye viti vitatu linajaa upesi. Mteja anakuja anasema, fundi, betri yangu siku hizi inajaa haraka sana, nzuri kweli! Naye fundi anamwitikia. Ninyi msimwitikie.

Kuna na kinyume chake. Mtu anafunga taa yake kwenye seli palepale chaja inapofungwa, anachaji huku taa inawaka. Taa inakula milliampea 200. Chaja imepangiwa ampea 1, inasubiri mkondo ushuke hadi milliampea 100 ndipo ikate. Utashuka lini, na taa inakula 200 muda wote? Nyekundu itawaka mpaka kesho, na seli itakaa imeshikiliwa kwenye volti 4.2 usiku kucha, mchana kutwa. Ukitaka vitu viwili vifanye kazi pamoja, weka njia ya pembeni: mosfeti na dayodi, vipande vidogo vya kuelekeza umeme, taa ipate umeme wa chaja moja kwa moja, seli ichaji kivyake. Shilingi chache tu, ila watu wanaruka hatua hiyo.

Na hicho kirezista kidogo kinachopanga mkondo, naomba mkiangalie kabla hamjakichomea kitu. Zinatoka kiwandani zikiwa na kilo-omu 1.2, maana yake ampea 1. Mtu ana kiseli cha spika ya masikioni, milliampea-saa 100 au chini ya hapo, anakipa ampea 1! Ni sawa na kumnywesha mtoto mchanga kwa bomba la zimamoto. Weka kilo-omu 10, utapata kama milliampea 130, na hata hiyo kwa kiseli kidogo kabisa bado ni nyingi.

Joto nisilisahau. Chaja hii haibadilishi volti kwa ujanja, inakula ziada na kuitoa kama joto. Ukiipa volti 5, seli ikiwa 3.2, ampea 1 inapita, hapo kuna wati 1.8 zinachemsha chipu yenye ukubwa wa punje ya mhindi. Ndiyo maana inaunguza kidole. Ikizidi, inajipunguzia mkondo yenyewe, ina adabu hiyo. Ila mguu wake wa kupimia joto la betri, kwenye hizi stempu za bei rahisi, umefungwa chini kabisa kwenye hasi. Yaani konda amezibwa jicho. Seli inaweza kuiva pembeni yake na yeye anaendelea kupakia abiria.

Sasa niwape kisa, na kisa hiki kinanihusu mimi mwenyewe, sitamsingizia mtu.

Mnajua kazi ya dagaa. Zile siku za giza, mwezi haupo, mitumbwi inatoka jioni, taa zinaelea juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga. Zamani ilikuwa karabai na mafuta ya taa, na kila nahodha alijua kwa kulitikisa tangi lake mafuta yamebaki kiasi gani. Zikaja taa za LED na betri. Moshi ukaisha, mafuta ya kununua kila siku yakaisha. Lakini betri huwezi kuitikisa ukasikia.

Kwa hiyo nahodha mmoja wa Ukerewe aliponiletea kazi ya kumtengenezea betri, aliniomba kitu kimoja: nione imebaki kiasi gani. Nikasema hilo dogo. Nikamfungia seli nne za lithiamu-chuma-fosfati, zile tunazoziita LFP, za ampea-saa 20, zimepangwa mfululizo, volti 12.8. Juu yake nikambandikia kile kionyesho cha asilimia cha dukani, chenye vijumba vitano vya mwanga. Kinapendeza. Nikalipwa.

Baada ya wiki mbili akarudi. Hakugomba. Aliiweka betri mezani akasema: "Fundi, betri yako mnafiki. Saa saba za usiku iliniambia vijumba vitatu. Saa nane ikazima. Tulikaa gizani tukisikilizana kupumua."

Niliona aibu, maana kosa nililijua pale alipotamka vijumba vitatu. Kile kionyesho kilikuwa kinasoma volti. Kwa seli ya kawaida ya lithiamu, ya volti 4.2, kusoma volti kunakupa picha ya kukisia, maana volti inashuka polepole kadiri unavyotumia. LFP haiko hivyo. Inashuka kidogo mwanzoni, halafu inatembea sawa kama uwanda wa Serengeti, halafu inaporomoka genge. Kwa betri ile ya seli nne, ukitoka asilimia 70 mpaka 30, volti inabadilika kama sehemu mbili za kumi tu. Sasa taa yake inavuta ampea 2. Nyaya nilizomfungia, pamoja na viungio, zilikuwa na ukinzani kama wa omu 0.1. Ampea 2 mara omu 0.1 ni volti 0.2. Mnaona? Waya peke yake ulikuwa unameza tofauti ileile ambayo kionyesho kilikuwa kinajaribu kuisoma. Nilikuwa nimempa nahodha mizani ya kupimia gunia, aitumie kupimia dhahabu.

Mwalimu mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Ndiyo mwalimu, nilifundishwa. Nilisahau, nikapenda vijumba.

Basi tufanyeje? Chaji huwezi kuiona wala kuigusa. Unaweza kuhesabu inayoingia na inayotoka. Ni daftari la mangi. Mangi haendi kuchungulia boksi la pesa kila dakika akakisia kwa unene wa noti. Anaandika: imeingia elfu tano, imetoka elfu mbili. Sisi tunaandika ampea na muda. Ampea 2 kwa saa 3, zimetoka ampea-saa 6. Betri ilikuwa na 20, zimebaki 14.

Ili kuandika, lazima uupime mkondo. Unaweka rezista ndogo sana kwenye njia ya hasi au chanya, tunaiita shanti. Mkondo ukipita, unaacha volti kidogo kati ya ncha zake, unaisoma hiyo. Nilitumia INA219, chipu ya kupimia mkondo, mtaikuta madukani kwenye kibao chenye shanti ya omu 0.1. Ile inasoma mpaka ampea 3.2 tu, na kwenye ampea 2 inakula volti 0.2 nyingine, ugonjwa uleule. Paneli ya jua ya nahodha ilikuwa inaweza kutoa zaidi ya ampea 5. Nikaing'oa shanti, nikaweka ya omu 0.01. Kibao kikaunganishwa na maikrokontrola, yaani kikompyuta cha chipu moja, inasoma mara kadhaa kwa sekunde, inazidisha na muda, inajumlisha. Programu yenyewe haizidi ukurasa mmoja.

Nilidhani nimemaliza. Sikumaliza.

Daftari lina ugonjwa wake: makosa madogo hayafi, yanazaana. Chipu ile inaweza kukosea mikrovolti 100. Ni kidogo mno, huwezi hata kukifikiria. Gawanya kwa shanti ya omu 0.01, unapata milliampea 10. Betri imekaa tu, haifanyi kazi, na daftari linaandika milliampea 10 zinatoka. Saa 24, milliampea-saa 240. Mbalamwezi inapokuja, mitumbwi inapumzika wiki nzima, daftari limeshapoteza karibu ampea-saa 1.7 ambazo hazijaenda popote. Miezi mitatu ya hivyo na namba yako haina maana. Mangi akikosea shilingi kumi kila saa, mwisho wa mwaka anamfukuza mfanyakazi asiye na hatia.

Dawa ni kufunga hesabu. Kuna wakati mmoja ambao betri inasema ukweli bila kubisha, nao ni ikiwa imejaa: seli nne za LFP zimefika volti 14.6, na mkondo umeshuka chini kabisa. Hapo, na hapo tu, unafuta kilichoandikwa na kuandika 20 upya. Nikaiwekea programu sharti hilo: volti zifike, mkondo ushuke, vyote viwili vikae hivyo dakika kadhaa, ndipo ifunge hesabu. Nikaongeza na jambo lingine dogo: mkondo ukiwa chini ya milliampea 20, ihesabu sifuri. Nikamwambia nahodha, walau mara moja kwa wiki ijaze kabisa, usiikatishe saa tisa alasiri kwa sababu una haraka ya kwenda majini.

Hapo ndipo nilipouelewa ufuatiliaji wa chaji. Watu wanadhani ni kioo cha kupendezesha. Chaja na daftari ni kitu kimoja: chaja ndiyo inayojua betri imejaa lini, na daftari bila kuambiwa hilo linapotea njia. Ukiwatenganisha, unakuwa na konda asiyejua idadi ya viti na karani asiyejua gari limejaa lini.

Kisha nikafungua betri nikapima kila seli peke yake. Nilipaswa kuanza na hapo. Jumla ilikuwa volti 14.6, safi. Lakini seli moja ilikuwa 3.9 na zile tatu ziko chini ya 3.6. LFP inatakiwa iishie 3.65. Jumla inaficha. Ni kama familia ya watu wanne imekula sahani nne: ukihesabu sahani unaridhika, kumbe mmoja amekula mbili na mwingine amelala njaa. Ukiona betri yoyote ya seli mfululizo, usikubali bila bodi inayosimamia seli moja moja na kuzisawazisha. Nilikuwa nimeweka bodi ya bei ya chini kabisa, na sitaki kusema zaidi juu ya hilo mbele ya mama yangu.

(Kicheko)

Wengine wenu mtakutana na bodi ndogo yenye chipu ya DW01. Mara nyingi iko kwenye stempu hii hii, ile yenye matundu sita. Ni nzuri, muwe nayo. Lakini kazi yake ni ya mlinzi wa getini. Inakata seli ikifika kama volti 4.3, na ikishuka kama 2.4. Nimeona vibanda ambako chaja imeondolewa, seli imefungwa kwenye umeme moja kwa moja, na fundi anasema bodi itakata yenyewe. Mlinzi wa geti yupo kwa ajili ya siku ya mwizi. Ukimfanya afunge na kufungua mlango kila siku kwa kila mgeni, siku ya mwizi utamkuta amelala.

Na hapa kuna kosa linaloniumiza zaidi kwa sababu linafanywa na watu wenye bidii. Mtu anapata seli moja ya LFP, iko vizuri, anaifunga kwenye stempu hii kwa sababu ndiyo aliyonayo. Stempu inaipeleka volti 4.2. Yenyewe inataka 3.65. Inawaka kijani vilevile. Taa haijui hata ni seli ya aina gani!

Aina hizi zinatofautiana tangu asili. Ile ya volti 4.2 mara nyingi ina kobalti, na kobalti ya dunia sehemu kubwa inatoka Kongo, kule Kolwezi na majirani zake, ambako wachimbaji wanaongea Kiswahili, cha kwao. Kwa hiyo simu iliyoko mfukoni mwako huenda ina kitu kilichochimbwa na mtu ambaye mngesalimiana mkaelewana. LFP haina kobalti, ina chuma na fosfati, na inavumilia joto zaidi. Betri ya lithiamu ya kuchajiwa, ile ya kobalti, iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony ya Japani, na waliosababisha wakapewa Nobeli mwaka 2019. Mmoja wao, John Goodenough, alikuwa na miaka 97. Nawaambia hilo ninyi mnaolia kwamba mmechelewa kupata kazi mkiwa na 23.

Wazazi, nanyi nisiwaache. Ile namba kwenye simu yenu, asilimia 64, haikupimwa. Imehesabiwa, kwa daftari kama hilo nililolieleza, na simu inaendelea kujirekebisha kadiri inavyokufahamu. Simu ikizima ghafla kwenye asilimia 20, mara nyingi betri imechoka na volti yake inaanguka simu inapohitaji nguvu ya ghafla. Msimpige mtoto kwamba amecheza gemu.

Jambo la mwisho, na hili nitalisema kwa ukali. Acheni kubusti betri zilizokufa. Najua mnafanya, na mimi nimefanya. Seli imekaa droo miezi minane, ina volti 0.7, chaja makini inaikataa, unachukua nyaya mbili za chanzo kingine unaigonga mpaka ifike 3, halafu chaja inaikubali. Mteja anakuita mchawi. Seli ikishuka hivyo na kukaa muda mrefu, shaba iliyomo ndani inayeyuka, na ukiichaji tena inaganda mahali isipotakiwa. Itashika chaji leo. Itawaka kijani leo. Mwezi ujao iko chini ya mto wa mtu aliyelala. Chaja ilipoikataa, ilikuwa inawasaidia.

Mtaniuliza habari ya nahodha iliishaje. Alirudi kuchukua betri yake, nikamwonyesha kioo kipya: volti, ampea, ampea-saa zilizobaki, asilimia. Nilijivuna. Akakiangalia muda mrefu, akauliza, "Sasa hii 14 hapa ni nini?" Nikamweleza. Akasema, "Fundi, mimi huko majini sihitaji 14. Nahitaji kujua itazima saa ngapi."

Nilikaa kimya. Kisha nikafungua programu mbele yake: ampea-saa zilizobaki, gawanya kwa wastani wa mkondo wa dakika kumi zilizopita. 14 gawanya kwa 2, ni 7. Nikafuta vyote vinne kwenye kioo, nikaacha namba moja kubwa: zimebaki saa 7. Akacheka, akalipa, akaondoka na betri begani. Ampea zimebaki nyuma ya kitufe, kwa ajili yangu mimi siku akiileta.

Haya, nimezidisha muda, mshereheshaji ananiangalia vibaya. Nje pale chini ya mwembe nimeweka meza. Nina mita, nina kifaa cha kupimia uwezo wa seli, na nimeazima mizani ya jikoni kwa mke wangu. Wale wenye seli za 18650 zilizoandikwa 9900, na najua mnazo, zileteni tuzipime uzito. Seli ya kweli ina gramu arobaini na kitu, na nyingi zilizo bora zinafika kama milliampea-saa 3500. Jana niliipima moja hapa mjini ikatoka gramu 29. Tukaifungua. Ndani kulikuwa na kiseli kidogo, na unga.